Faili Hilo ni la Nani? Uzoefu wa Kujenga Programu Wakati Heda za Mfumo Hazipo

Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kutunza seva za ofisi za kawaida, zile zisizo na kikosi cha wahandisi wala bajeti ya kununua kila kitu kikiwa tayari, na kwa sababu hiyo programu nyingi hunifikia zikiwa msimbo chanzo unaopaswa kujengwa palepale kwenye mashine. Aliyewahi kuifanya kazi hii atakubali kwamba kosa linalojitokeza mara nyingi kuliko mengine halihusiani kabisa na ubora wa programu inayojengwa. Ni mstari mmoja wa kompaila, programu inayogeuza msimbo chanzo kuwa programu ya kuendeshwa, unaosema `fatal error: libpq-fe.h: No such file or directory`, chini yake `compilation terminated.`, na shughuli yote inasimama hapo. Jina la faili hubadilika, kwani leo ni `Python.h`, kesho ni `openssl/ssl.h` na keshokutwa ni `zlib.h`, lakini maana yake ni ileile: msimbo umeagiza faili la heda, yaani maelezo ya yaliyomo ndani ya maktaba, kompaila imelitafuta katika saraka zote inazozijua, na haikuliona.

Nimefika mahali pa kuliheshimu kosa hili, kwa sababu linataja jina la faili, linataja faili lililoagiza, na linataja hadi namba ya mstari wa agizo lenyewe. Taabu huanza pale mtu anapojiuliza «nitalipata wapi faili hili?» akaanza kulisaka kama kitu kilichopotea, ilhali swali la kujiuliza ni «faili hili ni la nani?» Katika mfumo wa Linux uliotunzwa vizuri, karibu kila faili lililo chini ya `/usr/include` lina mwenyewe, na huyo mwenyewe ni kifurushi. Ukishamjua mwenyewe, mara nyingi dawa ni amri moja. Usipomjua, unaweza kushinda siku nzima ukihamisha mafaili huku na huko, na mwishowe programu ikajengeka kwa namna ambayo ni afadhali isingejengeka.

Jambo linalowatatiza wengi mwanzoni ni kwamba maktaba inayohitajika, yaani msimbo wa pamoja unaotumiwa na programu nyingi, huwa tayari ipo kwenye mashine. Mtu huona `curl` ikivuta kurasa za https bila shida, akaapa kwamba OpenSSL, maktaba ya usimbaji, imewekwa, na kiapo chake ni cha kweli. Ila maktaba katika Linux nyingi imegawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kuendeshea programu, yaani faili kama `libssl.so.3` ambalo programu iliyokwisha kujengwa hulihitaji kila inapowashwa. Fungu la pili ni la kujengea, nalo hubeba heda zenye matamko ya kazi (function, yaani vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) na miundo ya data iliyomo ndani ya maktaba, kiungo cha `libssl.so` kisicho na namba ya toleo, na faili dogo la `.pc` linalosomwa na `pkg-config`, programu inayoeleza maktaba ilipo. Ukoo wa Debian, pamoja na Ubuntu, hulipa fungu la pili jina linaloishia na `-dev`. Ukoo wa Red Hat, pamoja na Fedora, huandika `-devel`. Arch haigawanyi kabisa, na ndiyo maana watumiaji wake hawalijui sana tatizo hili hadi wanapokabidhiwa mashine ya mtu mwingine. Mgawanyo huo una mantiki, kwa kuwa watumiaji wengi hawatajenga programu maishani mwao na hawana sababu ya kubeba heda wasizozisoma, lakini mantiki hiyo haimfariji aliyekwama usiku.

Majina ya vifurushi hayabahatishwi kutokana na jina la faili. `zlib.h` imo ndani ya `zlib1g-dev`, `libpq-fe.h` imo ndani ya `libpq-dev`, `uuid/uuid.h` imo ndani ya `uuid-dev` upande wa Debian na ndani ya `libuuid-devel` upande wa Red Hat, na `curl/curl.h` ina zaidi ya kifurushi kimoja kinachoweza kuitoa, kutegemea kama unataka ile iliyojengwa juu ya OpenSSL au juu ya GnuTLS, maktaba nyingine ya namna hiyo. Kwa hiyo huuliza mfumo wenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu huweka `apt-file`, huipa `apt-file update` ili ivute orodha ya yaliyomo, kisha huandika `apt-file search libpq-fe.h`. Kwenye Fedora na jamaa zake amri ni `dnf provides '*/libpq-fe.h'`. Majibu yanaweza kuwa mengi, hasa kwa majina mafupi, kwa sababu kuna vifurushi vinavyobeba faili lenye jina hilohilo ndani ya saraka zao za faragha. Ninachokiangalia ni njia nzima, na ile inayoanza na `/usr/include/` na kuishia kama lilivyo agizo la msimbo ndiyo ninayoichukua. Inafaa kujua pia kwamba `dpkg -S` haisaidii hapa, maana hiyo hutafuta ndani ya vifurushi vilivyokwisha kuwekwa tu, na faili tunalolitafuta halijawekwa.

Wapo waandishi wa programu wenye huruma. Katika lugha ya R, kifurushi cha curl kikishindwa kujengwa huandika waziwazi kwamba jaribu `libcurl4-openssl-dev` kwa Debian na Ubuntu, au `libcurl-devel` kwa Fedora, CentOS na RHEL. Asterisk nayo, ambayo nimeijenga kwa ajili ya simu za ndani za ofisi, huja na hati ya `install_prereq` ndani ya saraka ya `contrib/scripts` inayoweka mahitaji yote kabla ya kuanza. Natamani kila mradi ungefanya hivyo, kwa sababu mwandishi anayajua mahitaji yake na hakuna sababu ya kila mjengaji kuyagundua upya kwa kugonga ukuta mmoja baada ya mwingine.

Kwa programu ambayo tayari ipo kwenye hazina ya Debian, hata kama ninataka toleo jipya zaidi, `apt build-dep` ikifuatiwa na jina la programu huleta mahitaji yote ya kujengea kwa mkupuo, mradi mistari ya `deb-src`, inayotaja hazina ya msimbo chanzo, imewashwa. Tahadhari yangu hapa ni ya mfukoni. Intaneti yetu mara nyingi ni ya bando, na amri hiyo inaweza kuburuta vifurushi vingi usivyovihitaji, mathalani zana za kutengenezea nyaraka. Ndiyo maana huitanguliza kwa `-s`, ambayo huigiza tu bila kupakua, nikasoma orodha yote, kisha nikachagua kwa mkono. Heda za `libgdal-dev` kwa kazi za ramani, kwa mfano, hufuatana na msafara mrefu wa heda za maktaba nyingine, na ni vyema kujua hilo kabla bando halijakatika katikati.

`Python.h` inastahili neno lake. Mwenyewe ni `python3-dev`, lakini kifurushi hicho ni cha Python ya mfumo pekee. Ikiwa mazingira yako ya Python yametengenezwa kwa Python 3.11 wakati Python ya mfumo ni toleo jingine, kuweka `python3-dev` hakutabadilisha chochote, na kosa litarudi neno kwa neno, kwa sababu kompaila inatafuta ndani ya `/usr/include/python3.11` na kilichowekwa ni cha jirani yake. Hapo kinachotakiwa ni `python3.11-dev`. Nimeona watu wakiweka kifurushi kilekile mara kadhaa wakidhani mashine imekaidi.

Kuna wakati kinachokosekana ni `stdio.h` yenyewe, na anayeliona kosa hilo kwa mara ya kwanza hudhani kompaila imeharibika. Haijaharibika. Heda hiyo ni ya maktaba ya C ya mfumo, wala si ya kompaila, na kwenye Debian kifurushi cha `gcc` hukipendekeza tu `libc6-dev` bila kukilazimisha. Anayetengeneza kontena jembamba (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya mashine) kwa kutumia `--no-install-recommends` atapata kompaila isiyoweza kujenga hata programu ya kusalimia. Kwenye Alpine, Linux nyingine iliyo nyembamba, hali ni hiyohiyo ukiweka `gcc` bila `musl-dev`, ndiyo maana wenyewe huweka `build-base` inayokusanya vyote. Alpine ina jambo la ziada: maktaba yake ya C ni musl, na kuna heda ambazo glibc, maktaba ya C ya Linux nyingine nyingi, inazo na musl haina kwa makusudi, kama `execinfo.h` na `error.h`. Kwa hizo, hakuna kiasi cha kuweka vifurushi vya msingi kitakachosaidia. Msimbo wenyewe ndio unaopaswa kurekebishwa usizitegemee.

Heda za kerneli, yaani kiini cha mfumo, ni ukoo mwingine, na hapa ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa. Kwenye `/usr/include/linux` kuna heda zinazotoka `linux-libc-dev`, ambazo ni kwa ajili ya programu za kawaida zinazotaka kuzungumza na kerneli. Lakini anayejenga draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, anahitaji heda za ndani za kerneli ileile inayoendesha mashine wakati huo, na hizo hutafutwa kupitia kiungo cha `/lib/modules/`, kikifuatiwa na toleo la kerneli, kisha `/build`. Kiungo hicho kisipoelekea popote, `make`, programu inayoendesha ujenzi, hulalamika kwamba saraka hiyo haipo na kuacha. Dawa inayojulikana ni `apt install linux-headers-$(uname -r)`, nayo hufaa, isipokuwa katika hali moja niliyokutana nayo zaidi ya mara moja: mashine imesasishwa, kerneli mpya imeshawekwa, lakini haijawashwa upya. `uname -r` inataja kerneli ya zamani inayoendelea kufanya kazi, na heda za hiyo ya zamani huenda zimeshaondolewa kwenye hazina. Kuwasha mashine upya kwanza, kisha kuomba heda za kerneli mpya, humaliza ubishi.

Mzunguko wenye kuudhi zaidi wa aina hii niliuona kwenye kompyuta ndogo ya mhasibu, ambayo adapta yake ya Wi-Fi ya USB ilihitaji draiva ya kujengwa kutoka msimbo chanzo. Ili kujenga draiva unahitaji heda za kerneli. Ili kupata heda unahitaji intaneti. Ili kupata intaneti unahitaji draiva. Tuliukata mzunguko kwa kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuwasha ugawaji wa intaneti, kwa sababu njia hiyo hutumia draiva ambayo Ubuntu huja nayo. Pasipo simu ya namna hiyo, hupakua vifurushi vya `.deb` kwenye mashine nyingine na kuvibeba kwa flashi, nikikumbuka kwamba heda za kerneli si kifurushi kimoja: kile chenye jina la kerneli kamili hutegemea kingine cha pamoja, na kusahau cha pili ni kurudi safari nyingine.

Halafu kuna heda ambazo hazina tena mwenyewe. Msimbo ulioandikwa zamani huagiza `sys/sysctl.h`, na kwenye Ubuntu 20.04 hujengeka bila neno, kwa kuwa glibc yake ni 2.31. Uuhamishie Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, na heda hiyo haipo, kwa sababu iliondolewa katika glibc 2.32 iliyotoka mwaka 2020, baada ya kerneli yenyewe kuliondoa agizo la mfumo linalohusika. Kuweka upya `libc6-dev` ni kazi bure. Kifurushi kipo, kimekamilika, na faili limetolewa ndani yake kwa uamuzi. Hali ni hiyohiyo kwa `xlocale.h`, iliyoondoka katika glibc 2.26 mwaka 2017 na ambayo nafasi yake inachukuliwa na `locale.h`, na kwa `rpc/rpc.h`, ambayo sasa hutolewa na maktaba ya libtirpc ndani ya saraka yake ya `/usr/include/tirpc`, hivyo lazima kompaila ielekezwe huko kwa `-I`. Kuhusu `sys/sysctl.h`, nimegundua kwamba mara nyingi msimbo unaiagiza tu kwa mazoea bila kutumia chochote kilichomo; ukiufuta mstari huo, programu hujengeka. Lakini husoma msimbo kwanza nihakikishe, maana kufuta agizo ambalo kweli linatumika huzaa makosa mengine kumi mahali pengine.

Niseme sasa jambo ambalo hubishana nalo na vijana wengi ninaofanya nao kazi. Fundi mmoja kijana, mchapakazi kweli, alinijia akiwa amefurahi.

«Kaka, hiyo heda nimeipata mtandaoni. Naiweka tu kwenye `/usr/include`, si ndiyo?»

«Subiri kwanza, mdogo wangu. Uliyoipata ni ya toleo gani?»

Hakujua, na faili lenyewe lilikuwa limeng'olewa kutoka kwenye mradi usiohusiana na wetu. Heda ni mkataba kati ya msimbo unaojengwa na maktaba itakayotumika: inaeleza kazi zipi zipo, zinapokea nini, na kila muundo wa data una ukubwa gani na sehemu zake zimepangwaje. Ukileta heda ya toleo jingine, kompaila itauamini mkataba huo wa uongo. Ukibahatika, kosa litatokea mapema. Kwa mfano, katika OpenSSL 1.0.2 `SSL_library_init` ilikuwa kazi halisi ndani ya maktaba, lakini kuanzia 1.1.0 imebaki kuwa jina la badala ndani ya heda tu; anayejenga kwa heda ya zamani na kuunganisha na maktaba mpya atapata `undefined reference` hatua ya kuunganisha, na ashukuru. Asipobahatika, programu itajengeka, itawaka, kisha itaandika data mahali pasipo pake katika kumbukumbu.

Waandishi wa maktaba wenye uzoefu wanalijua hili na wameweka ulinzi. Libjpeg, maktaba ya picha, hupokea kutoka kwa programu namba ya toleo iliyokuwa kwenye heda pamoja na ukubwa wa muundo, na vikitofautiana hukataa kwa ujumbe kama `Wrong JPEG library version: library is 62, caller expects 80`. Zlib, maktaba ya kubana data, nayo hufanya ukaguzi wa namna hiyo kimyakimya kupitia `deflateInit` na `inflateInit`, ambazo hupitisha toleo na ukubwa wa muundo bila mwandishi wa programu kujua. Lakini maktaba nyingi hazina ulinzi huo. Nilimwonyesha kijana yule ujumbe wa libjpeg kwenye mashine ya majaribio, tukaweka kifurushi kinachostahili, na lile faili la mtandaoni tukalifuta.

Jamaa ya tatizo hili ni heda iliyopo mara mbili. Kompaila hupitia kwanza saraka ulizozitaja kwa `-I`, kisha saraka za kawaida, ambamo `/usr/local/include` hutangulia `/usr/include`. Mtu akiwahi kujenga maktaba kwa mkono na kuandika `make install`, heda zake hubaki kwenye `/usr/local` hata baada ya yeye kuhama kazi, na zitaifunika heda ya kifurushi ulichokiweka leo. Dalili yake ni kompaila kulalamikia kazi ambayo una hakika ipo. Amri ya `gcc -v -E -x c /dev/null` huonyesha orodha ya saraka kwa mpangilio wake, na kuongeza `-H` wakati wa kujenga huorodhesha kila heda iliyofunguliwa na njia yake kamili. Hizo mbili zimenitatulia mengi kuliko kukisia.

Mahali ambapo sina mamlaka ya kuweka vifurushi, kama kwenye seva ya pamoja, hupakua kifurushi kwa `apt-get download`, nikakifungua kwa `dpkg -x` ndani ya saraka yangu, kisha nikaielekeza kompaila huko kwa `CPATH` na `LIBRARY_PATH`. Inafaa ikiwa toleo la kifurushi linalingana kabisa na maktaba iliyopo kwenye mashine. Vinginevyo tunarudi kwenye mkataba wa uongo. Kwa macOS sina mengi ya kusema: tangu Mojave ya mwaka 2018 saraka ya `/usr/include` haipo, heda zimo ndani ya zana za Xcode, na `xcode-select --install` ndiyo huzileta, na wakati mwingine hutakiwa tena baada ya mfumo kusasishwa.

Yote niliyoyataja hadi hapa yana kelele; kompaila inasimama na kukuambia. Linaloniogopesha ni lile la kimya, na Waswahili wamesema simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Programu nyingi huanza ujenzi kwa hati ya `configure`, ambayo huandika vijiprogramu vidogo vya majaribio, ikajaribu kuvijenga, na kwa kila heda isiyoonekana ikaandika `no` na kuendelea na safari. Kama heda hiyo ilikuwa ya lazima, ujenzi husimama. Kama ilikuwa ya hiari, kipengele kinachoitegemea huachwa nje, na programu hujengeka ikiwa na pengo. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ikijengwa bila heda za libcurl hufanya kazi zote za ndani vizuri, hadi siku unapotaka kunakili mradi kupitia https, ndipo inapokuambia kwamba `remote-https` si amri ya Git.

Kisa kilichonifunza zaidi kilikuwa kwenye seva ya CentOS 7 niliyoikuta kwenye ofisi moja, ambamo aliyenitangulia alikuwa amejenga Python 3.10 kwa mkono. Ilikuwa ikitoa ripoti kila asubuhi bila tatizo. Siku tulipohitaji kuongeza maktaba moja, `pip`, zana ya kuweka maktaba za Python, ilikataa ikisema kwamba moduli ya ssl haipatikani katika Python hiyo. Jambo la kwanza nililolikagua lilikuwa `openssl-devel`, nalo lilikuwepo, na `openssl/ssl.h` ilikuwepo mahali pake. Heda haikukosekana, ilikuwa ya zamani mno. CentOS 7 ilibeba OpenSSL 1.0.2, na Python kuanzia 3.10 haikubali chini ya 1.1.1. Toleo halikutosha, moduli ikaachwa nje, na `make` ikamaliza kwa amani.

Dalili ilikuwa imeandikwa, lakini mahali ambapo hakuna anayetazama. Karibu na mwisho wa ujenzi Python huchapisha maelezo kama `The necessary bits to build these optional modules were not found:` na chini yake majina ya moduli zilizoachwa. Maelezo hayo huja baada ya mamia ya mistari ya kompaila, na kama ujenzi unaendeshwa ndani ya hati ya kujiendesha, hupita bila kuonwa na yeyote. Nilipoujenga upya msimbo uleule kwenye saraka ya pembeni ili nijionee, orodha ilikuwa na `_ssl`, `_hashlib` na `_ctypes`. Ya mwisho ilikuwa ni kwa sababu `libffi-devel` haikuwekwa kabisa, na pengo hilo lilikuwa likisubiri tu siku ambayo mtu angeagiza `ctypes`.

Ufumbuzi wa `_ctypes` ulikuwa rahisi. Kwa ssl, EPEL, hazina ya ziada ya vifurushi, ilikuwa na kifurushi cha `openssl11-devel`, ambacho huweka heda zake kwenye saraka tofauti ili zisigongane na za mfumo. Nilichokifanya ni kuielekeza `configure` iulize `pkg-config` habari za `openssl11` badala ya `openssl`. Sikugusa heda za zamani, kwa kuwa programu nyingine za mfumo zilijengwa juu yake.

Tangu hapo siruhusu `configure` iniamulie. Kila kipengele ninachokihitaji hukitaja kwa jina lake, `--with` hiki na `--enable` kile, kwa sababu miradi mingi hulichukulia ombi la wazi kuwa la lazima na husimama ikilikosa. Meson, zana nyingine ya ujenzi, ina `--auto-features=enabled` kwa kazi hiyohiyo. CMake, zana nyingine tena, kuanzia toleo 3.22 ina kigezo kinachoanza na `CMAKE_REQUIRE_FIND_PACKAGE_` kikifuatiwa na jina la kifurushi. Kwa CMake nimejizoeza pia kufuta saraka yote ya ujenzi baada ya kuweka heda mpya, maana `CMakeCache.txt` hukumbuka kwa ukaidi baadhi ya majibu ya jana.

Python, hata hivyo, haina swichi moja ya kuzifanya moduli zote za hiari ziwe za lazima, kwa hiyo hati yangu ya ujenzi ina mstari wake kati ya `make` na `make install`: `./python -c "import ssl, ctypes, sqlite3, bz2, lzma, readline, curses"`. Moduli moja ikikosekana, hati inasimama hapohapo na hakuna kinachowekwa. Juzi ilisimama kwenye `lzma`, kwenye seva mpya ya Debian. Nikaweka `liblzma-dev`, nikafuta saraka ya ujenzi, nikaanza upya.